Puru Inapovuja Damu Baada ya Mionzi: Mwongozo Kamili Hadi Chumba cha Upasuaji

Mwongozo huu ni wa mtu aliyemaliza tiba ya mionzi ya saratani ya shingo ya kizazi, tezi dume, kibofu au kiungo kingine cha nyonga, kisha akaanza kuona damu chooni, na damu hiyo haikomi. Ni wa ndugu anayemuuguza pia, maana mara nyingi ndiye anayebeba mafaili na kukumbuka tarehe.

Watu wanakwama mahali pale pale. Mmoja anatibiwa bawasiri mwaka mzima bila kuangaliwa kwa kamera. Mwingine anakatwa kinyama cha kupimwa maabara mahali pasipofaa, kidonda kinakataa kupona. Yupo anayekimbilia kisu kabla ya kujaribu tiba nyepesi, na yupo anayekikwepa kisu hadi anaishi kwa chupa za damu za kuongezewa. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuepusha yote manne. Zifuate kwa mpangilio wake.

## Kwa nini damu hii haisikii dawa za kawaida

Puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana juu ya mkundu, iko jirani mno na shingo ya kizazi na tezi dume, kwa hiyo nayo hupata sehemu ya mionzi. Mishipa midogo inayoilisha husinyaa na kuziba polepole. Utando wa ndani unakosa damu ya kutosha, na juu yake huchomoza vijimishipa vyembamba, dhaifu. Choo kikipita, vinapasuka.

Hali hii huchelewa kujitokeza. Wengi huiona kati ya miezi 6 na miaka 2 baada ya mionzi, ingawa kwa wengine huja miaka mingi baadaye. Tatizo ni mishipa iliyoharibika, si wadudu wala mishipa iliyovimba mkunduni, na ndiyo maana dawa za minyoo na za bawasiri hazifui dafu.

## Vitu vya kukusanya kabla ya kumwona daktari bingwa

- Muhtasari wa tiba ya mionzi: saratani gani, tarehe ya kuanza na kumaliza, kipimo cha mionzi, na kama ulipewa ya nje, ya ndani, au zote mbili.
- Majibu yote ya kamera, pamoja na picha kama zipo, na majibu ya kinyama chochote kilichowahi kukatwa.
- Majibu ya himoglobini (kipimo cha wingi wa damu) yenye tarehe, na idadi ya chupa za damu ulizoongezewa.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, hata za maumivu za dukani na za miti shamba.
- Majibu ya CT au MRI ya nyonga ya karibuni.
- Daftari la damu.

Daftari hilo ni kitu kidogo chenye nguvu kubwa. Kila siku andika: umekwenda choo mara ngapi, damu ilikuwa ya matone, ya kujaa sinki, au ya mabonge, rangi yake, na kama ulihisi kizunguzungu. Daktari akisikia "natoka damu nyingi" hapati pa kushika. Akiona wiki 4 zilizoandikwa, anaweza kuamua.

## Hatua ya 1: Thibitisha damu inatoka wapi na kwa sababu gani

Usikubali tiba yoyote ya muda mrefu kabla ya kuangaliwa ndani kwa kamera. Aliyepata mionzi anaweza kuwa na bawasiri kama mtu mwingine yeyote. Anaweza pia kuwa na saratani iliyorudi, au saratani mpya ya utumbo mpana. Magonjwa haya yote hutoa damu nyekundu, na kuitazama chooni hakukuambii ni upi.

Omba utumbo mpana wote uangaliwe, si puru peke yake, hasa kama una umri mkubwa au hujawahi kupimwa. Kidonda cha mionzi kikionekana chini, si haki kudhani huko juu ni salama.

Onyo kubwa. Kabla ya kipimo mwambie anayekufanyia, kwa sauti na kwa maneno haya: "Nilipigwa mionzi ya nyonga." Ukuta wa mbele wa puru, ule unaopakana na uke kwa mwanamke na tezi dume kwa mwanamume, ndio uliopokea mionzi mingi. Kukata kinyama hapo kunaweza kuacha kidonda kisichofunga, na kidonda kikatoboka kikawa fistula, yaani njia isiyo ya kawaida, kuelekea ukeni au kwenye njia ya mkojo. Kinyama kisikatwe hapo kwa mazoea tu. Kikatwe pale daktari anaposhuku saratani kweli na ameshapima hatari yake.

Hatua hii imekamilika ukipata ripoti inayotaja mambo manne: vijimishipa vimeenea kiasi gani, kuna kidonda au hakuna, njia imebana au haijabana, na utumbo wa juu umeonekanaje. Ripoti inayosema tu "puru ina uvimbe wa mionzi" haitoshi kupangia upasuaji. Rudi uombe maelezo.

## Hatua ya 2: Rudisha damu mwilini na uondoe vinavyoichochea

Mwili usio na damu ya kutosha haumudu nusu kaputi wala hauponyi mshono vizuri, kwa hiyo kazi hii huanza mapema, sambamba na tiba nyingine.

Kama himoglobini imeshuka kiasi, utapewa madini ya chuma ya vidonge au ya mshipani. Vidonge vya chuma hugeuza choo kuwa cheusi na wengi hushtuka bure. Pia hufunga choo, na choo kigumu hukwaruza vile vijimishipa. Omba dawa ya kulainisha choo iende pamoja navyo tangu siku ya kwanza. Himoglobini ikirudi sawa, madini hayo kwa kawaida huendelea kwa miezi kama 3 ili kujaza akiba.

Kwa mgonjwa aliyetulia, damu huongezwa kwa kawaida himoglobini ikishuka chini ya gramu 7 kwa desilita. Mwenye ugonjwa wa moyo huongezewa mapema zaidi.

Sasa dawa. Diklofenaki, ibuprofeni na jamii yake huongeza uvujaji. Uliza dawa mbadala ya maumivu. Aspirini, wafarini na dawa nyingine za kuzuia damu kuganda ni suala jingine. Usiziache mwenyewe. Mtu mwenye vali bandia ya moyo au aliyewekewa stenti (kibomba cha kupanua mshipa wa moyo) akiziacha ghafla anaweza kupata kiharusi au mshtuko wa moyo, madhara makubwa kuliko hiyo damu ya chooni. Daktari wa moyo na wa utumbo wazungumze, wakupe uamuzi mmoja.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kliniki, ukiona lolote kati ya haya: damu ya mabonge isiyokatika, kuzirai, moyo kwenda mbio ukiwa umekaa, homa pamoja na maumivu makali ya tumbo, upepo au choo kutoka ukeni, upepo kutoka na mkojo, au tumbo kujaa huku hupati choo wala upepo.

## Hatua ya 3: Maliza tiba zisizo za kisu

Wagonjwa wachache, chini ya mmoja kati ya kumi, ndio huishia kufanyiwa upasuaji mkubwa kwa tatizo hili. Wengine hutulia katika hatua hii. Anayeiruka anajiweka kwenye hatari ambayo huenda hakuihitaji.

Sukralfati ya kupitisha nyuma. Dawa hii hufunika utando uliochubuka. Kipimo kinachotumika sana ni gramu 2 katika mililita 20 za maji, mara mbili kwa siku, kwa wiki 4 au zaidi. Nenda choo kwanza. Lala ubavu wa kushoto, goti la juu limekunjwa. Paka jeli kwenye ncha laini ya bomba, ingiza taratibu bila kulazimisha, sukuma dawa polepole, kisha baki umelala nusu saa. Ikichuruzika yote dakika ileile, ujue umeisukuma haraka mno. Ncha isiwe ngumu wala ndefu. Puru iliyopigwa mionzi hutoboka kirahisi.

Kuchoma kwa gesi ya agoni. Kamera huingizwa, na gesi yenye umeme huchoma vijimishipa juu juu bila kugusa ukuta. Huhitaji vikao kadhaa, vikiachana wiki chache. Utumbo wote lazima usafishwe kwa dawa ya kunywa, hata kama kinachochomwa ni puru tu. Ukisafishwa kwa enema (maji ya kupitisha nyuma) peke yake, gesi za choo hubaki ndani, na milipuko ndani ya utumbo imewahi kutokea kwa sababu hiyo. Ukiambiwa enema inatosha, uliza tena. Kuchoma kupita kiasi nako huleta vidonda na kubana kwa njia.

Formalini. Hii mara nyingi hufanywa na daktari wa upasuaji, kwa ganzi ya mgongo au dawa ya usingizi. Ngozi ya mkundu hupakwa vaselini kwanza ili isiungue. Kisha shashi iliyoloweshwa formalini ya asilimia 4 hugusishwa mahali panapovuja kwa dakika chache, mpaka paonekane peupe na damu isimame, halafu puru husuuzwa kwa maji ya chumvi mengi. Ni tiba rahisi, ya haraka, na ninaiheshimu sana kwa sababu haidai mashine. Lakini ina makali yake: maumivu ya mkundu, vidonda, na njia kubana. Aliyetibiwa saratani ya mkundu wenyewe yuko kwenye hatari zaidi, na aseme hivyo mapema.

Oksijeni ya shinikizo. Mgonjwa hupumua oksijeni tupu ndani ya chumba chenye shinikizo la zaidi ya mara mbili ya hewa ya kawaida, kwa muda wa saa moja na nusu hivi, vikao 30 hadi 40. Hulenga kuotesha mishipa mizuri upya, kwa hiyo inafaa hasa penye kidonda, ambapo kuchoma kungezidisha uharibifu. Vyumba hivyo ni vichache.

Tiba imefaulu daftari lako likionyesha matone ya hapa na pale, na himoglobini imekaa bila kuongezewa damu. Usingoje damu ikauke kabisa. Puru hii haitakuwa tena ile ya kabla ya mionzi, na kuendelea kuchoma matone ya mwisho ni kutafuta kidonda kipya.

## Hatua ya 4: Tambua kwamba zamu ya kisu imefika

Upasuaji unazungumzwa kwa uzito pale ambapo:

1. Damu bado inakulazimisha kuongezewa mara kwa mara, ingawa agoni au formalini imeshafanywa ipasavyo.
2. Kuna fistula, au kidonda kirefu chenye nyama zilizokufa.
3. Njia imebana kiasi kwamba choo hakipiti na kutanuliwa hakukusaidia.
4. Utumbo umetoboka. Hii ni dharura, haina mjadala wa wiki.
5. Maumivu au kushindwa kuzuia choo kumemfunga mtu ndani ya nyumba.

Kabla ya kuandikiwa tarehe, saratani yenyewe ichunguzwe upya. Upasuaji wa mtu ambaye saratani imerudi hupangwa tofauti kabisa.

## Hatua ya 5: Jua ni upasuaji gani, na kwa nini huo

Hapa ndipo mgonjwa anapaswa kukaa na daktari muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Neno "upasuaji" linabeba operesheni mbili zisizofanana.

Ya kwanza ni kugeuza njia ya choo. Puru inaachwa mahali pake. Daktari hutoa kitanzi cha utumbo kwenye ukuta wa tumbo, choo kinaingia kwenye mfuko. Tundu hilo la tumboni huitwa stoma. Puru inapumzika: haikwaruzwi tena, haishambuliwi na bakteria wa choo, inapata nafasi ya kupona. Operesheni ni fupi, na kwa kawaida haigusi eneo lililopigwa mionzi.

Damu haikomi usiku mmoja. Hupungua kwa wiki na miezi. Mgonjwa asiyeambiwa hili huona damu wiki ya tatu, akaamini operesheni imeharibika. Pia ute utaendelea kutoka nyuma, kwa sababu puru bado iko hai na inautengeneza.

Ya pili ni kuondoa puru. Hii inang'oa chanzo chenyewe, na wakati mwingine haina mbadala: puru imeoza, fistula ni kubwa, au damu haikukoma hata baada ya kugeuza njia. Ila ni operesheni nzito. Mionzi hugandisha viungo vya nyonga pamoja, kibofu, mirija ya mkojo na utumbo, hata daktari hodari akakosa mpaka wa kupitisha kisu. Na kuunganisha nyama zilizopigwa mionzi ni kama kushona kitambaa kilichochakaa: sindano inapita, lakini uzi unachana. Mshono ukivuja, choo humwagika ndani ya nyonga.

Kwa hiyo, pale ambapo tatizo ni damu peke yake, msimamo wangu ni huu: anza na kugeuza njia, usianze na kuondoa puru. Ukiambiwa puru itolewe moja kwa moja, omba sababu, na kama hali si ya dharura tafuta maoni ya daktari bingwa wa pili, hasa aliyezoea wagonjwa wa mionzi.

Muulize daktari maswali haya, na uandike majibu mbele yake:

- Kitanzi kitatolewa kwenye sehemu gani ya utumbo, na je, sehemu hiyo ilipata mionzi? Sehemu ya chini ya utumbo mpana huwa ndani ya nyonga, ndiyo maana mara nyingi huchaguliwa ile ya juu.
- Kwa nini utumbo mpana na si mwembamba, au kinyume chake? Stoma ya utumbo mwembamba hupoteza maji na chumvi nyingi, na inaweza kuumiza figo.
- Kama puru inatolewa, ncha zitaunganishwa au stoma itakuwa ya kudumu? Zikiunganishwa, angalau ncha moja itoke kwenye utumbo usio na mionzi, na mara nyingi huwekwa stoma ya muda juu yake kuulinda mshono.
- Umewafanyia wagonjwa wa mionzi operesheni hii hapo awali?

## Hatua ya 6: Jiandae

Himoglobini ipandishwe, damu ya akiba iandaliwe, sukari na presha zitulizwe. Sigara iachwe wiki kadhaa kabla. Inabana mishipa ambayo tayari ni michache. Aliyekonda alishwe protini vizuri kwanza, kwa sababu mwili wenye njaa hauungi mshono. Kula chakula kigumu husimama saa 6 kabla ya usingizi, na maji saa 2, isipokuwa umeelekezwa vingine.

Mahali pa stoma pachaguliwe ukiwa macho. Muuguzi au daktari akutazame umesimama, umekaa, umeinama na umelala, kisha aweke alama ya wino. Pawe mahali unapopaona mwenyewe bila kioo, mbali na kitovu, makovu, mikunjo ya tumbo na mstari wa mkanda. Stoma iliyowekwa kwenye mkunjo itavujisha mfuko kila siku, na ngozi itaungua. Dakika 10 za hapa huokoa miaka ya mateso, na mgonjwa ana haki ya kuzidai.

Soma fomu ya ridhaa. Kama mmekubaliana kugeuza njia na fomu imeandikwa kuondoa puru, usitie sahihi hadi ielezwe.

## Hatua ya 7: Wiki za kwanza na stoma

Stoma yenye afya ni nyekundu au ya waridi iliyokolea, yenye unyevu kama ndani ya shavu. Haiumi ukiigusa, kwa kuwa haina neva za maumivu. Kutokwa damu kidogo unapoipangusa si tatizo. Ikigeuka zambarau au nyeusi, ita muuguzi papo hapo: damu haiifikii.

Upepo na choo huanza kutoka ndani ya siku chache. Mfuko umwagwe ukifika theluthi au nusu, usingoje ujae, kwani uzito wake huung'oa. Unapobadilisha, osha ngozi kwa maji ya uvuguvugu bila mafuta wala sabuni yenye manukato, ikaushe kwa kuigusagusa, kisha kata tundu la bamba linalobandika mfuko kwenye ngozi lizidi stoma kwa milimita 2 au 3 tu. Tundu kubwa huacha ngozi wazi kwa choo, na dogo huikata stoma. Stoma hupungua uvimbe kwa wiki 6 hadi 8, kwa hiyo pima upya kila wiki, usitumie kipimo cha siku ya kwanza.

Usinyanyue vizito kwa kipindi hicho hicho. Ngiri ya pembeni mwa stoma huanzia hapo. Na daftari la damu liendelee. Himoglobini inayopanda yenyewe, mwezi baada ya mwezi, bila chupa, ndiyo dalili ya kweli kwamba upasuaji umefanya kazi.

## Hatua ya 8: Je, utumbo utarudishwa ndani?

Kwa baadhi ndiyo, kwa wengine stoma hubaki maisha yote. Daktari mwaminifu hatakuahidi kabla ya kuona puru ilivyopona.

Masharti ya kufunga stoma ni haya: damu imekoma kwa miezi mingi, kamera inaonyesha utando umepona, hakuna kubana wala fistula, misuli ya mkundu inaweza kuzuia choo, na saratani haijarudi. Kwa kawaida hilo huchukua mwaka hivi au zaidi. Wanaoshinikiza kufungwa mapema wanaweza kuanza kuvuja damu tena, kwa sababu vijimishipa havijapata muda wa kunywea.

Ili kupima misuli, daktari huingiza kidole na kukuambia ubane. Unaweza kuanza mazoezi ya kubana mapema: bana kama unayezuia upepo, shikilia huku ukihesabu hadi 5, achia, rudia mara 10, mara tatu kwa siku.

Baada ya kufungwa, tarajia kwenda choo mara nyingi na kwa haraka katika wiki za mwanzo. Puru ilikuwa imelala na imekakamaa kwa mionzi, haina nafasi ya kuhifadhi kama zamani. Dawa ya kulainisha choo iendelee, na kamera irudiwe kwa tarehe atakayopanga daktari, hata kama hujaona tone la damu.